Nge Amegoma Kula? Kagua Boksi Kwanza

Nyenje alimpanda mgongoni, akatembea mpaka kwenye mkia, akateremkia upande wa pili kama abiria anayeshuka matatu kabla ya stendi. Deputi hakusogeza hata gando moja. Ilikuwa saa nne usiku, Julai 2023, siku ya 41 tangu ale mara ya mwisho, nami nimeinama juu ya boksi na tochi, nikimbembeleza nge kama mtoto aliyekataa uji.

Nasimamia maabara ya shule moja ya upili hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Deputi alitufikia Februari mwaka huo ndani ya lori la kuni kutoka Kibwezi. Mpishi alipiga nduru, nikaenda mbio na ndoo na kibano kirefu. Ni nge mkubwa mweusi, magando manene kama ya kaa, mkia mwembamba. Wanafunzi wa kidato cha tatu walimpa jina kabla hajatulia ndooni: anatembea polepole, amevaa nyeusi, na akitokea kila mtu ananyamaza. Naibu mwalimu mkuu amelisikia jina hilo. Bado hajacheka.

Neno moja la sheria, halafu tuendelee. Shule iliandika barua kwa KWS, shirika la wanyamapori, na kibali chetu kimo kwenye faili. Usidhani Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inahusu ndovu na simba pekee. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa ajili ya sisimizi waliowafungia ndani ya vijichupa. Sisimizi! Ukiokota nge porini ukamweka sebuleni, usiseme hukuambiwa.

Tangu siku hizo Deputi amegoma kula mara tatu za kuhesabika. Mara mbili kosa lilikuwa langu, na mara moja hakukuwa na kosa lolote. Yeye hajawahi kuumwa.

Hesabu siku, kisha mtazame ubavu

Anayemfuga nge kwa mara ya kwanza humpima kwa kipimo cha kuku: asipodonoa asubuhi, jioni ataitiwa daktari. Nge haishi hivyo. Mwili wake hutumia nguvu kidogo sana, na aina nyingi humudu miezi bila kula kitu. Zipo zinazoweza kukaribia mwaka. Mkomavu kama Deputi akipata nyenje mmoja mnono kila siku kumi au kumi na mbili, ametosheka. Mtoto wa nge anayekua ndiye wa kulishwa mara mbili kwa wiki.

Kwa hiyo fungua daftari. Alikula lini? Nini? Kama huna daftari, nunua la kurasa 32, uandike leo. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu mgomo wa nge wao hunijibu “kitambo kidogo,” na kitambo kidogo chenyewe tukikihesabu huwa siku nane.

Halafu mtazame ubavuni akiwa ametulia. Mgongo wa nge umepangwa vigae vigumu, na kati ya vigae vya juu na vya tumboni kuna ngozi laini. Akiwa ameshiba, ngozi hiyo hutanuka ikaonekana kama utepe wa rangi hafifu kuanzia kiunoni hadi mkiani, na vigae huachana kidogo kama vifungo vya shati la mtu aliyetoka kula harusini. Akiwa na njaa, utepe huingia ndani na vigae hupandana. Ukiona utepe mpana, funga kifuniko uende ukalale. Huyo ameshiba, hajagoma.

Mimi humpima pia. Kila tarehe mosi namwingiza kwenye kikopo chenye kifuniko, nakiweka kwenye mizani ya maabara, natoa uzito wa kikopo. Katika wiki zile saba za 2023 alipungua nusu gramu kutoka gramu 21. Laiti ningalitazama tarakimu hizo badala ya kuutazama uso wake, ningelilala vizuri zaidi. Nge hana uso wa kusomeka.

Baridi ya Nairobi

Hapa ndipo kwenye mzizi, nami nitakaa kidogo.

Watu wa nje husikia “ikweta” wakadhani tunaoka mikate juani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku jua halitokei kabisa, wingu limekaa kama kifuniko cha sufuria, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Kibwezi alikotoka Deputi ni chini sana kuliko hapa, na mwamba wake hubaki na joto hata jua likitua. Nilimtoa kwenye mwamba nikamweka juu ya meza ya saruji.

Damu ya nge haina joto lake yenyewe. Akipoa, kila kitu hupoa naye: miguu, hamu, na tumbo. Na namna yake ya kula inataka joto. Mdomoni ana vikoleo viwili vifupi vinavyokatakata nyama, kisha humwagia juisi ya kumeng'enya hukohuko nje na kufyonza supu inayotoka. Hamezi kipande kigumu hata kimoja. Asubuhi utakuta kijidonge cha maganda kilichobaki. Kazi hiyo humchukua saa nyingi, na kwenye baridi haifanyiki sawasawa, kwa hiyo haanzi.

Asubuhi baada ya yule nyenje kufanya matembezi, nilichukua kipimajoto cha darasani nikakilaza ndani ya boksi, pale pale anapolala, chini ya kigae cha kujifichia. Nyuzi 16. Nilikuwa nimepima hewa ya maabara saa nane mchana kwa wiki nzima nikijipongeza kwamba ni 22! Pima alipo, na upime alfajiri.

Nge mkubwa wa aina hii hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 29. Namna nilivyompa joto ni hii. Nilikwenda Luthuli Avenue, nikanunua mkeka mdogo wa umeme na kidhibiti joto kama kile cha mashine za kuangua vifaranga. Muuzaji aliuliza ni vifaranga wangapi. Nikamwambia mmoja, mweusi. Mkeka nikaubandika kwenye ubavu wa boksi, kwa nje, upande mmoja tu. Usiuweke chini. Nge anapohisi joto kali huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi, kwa kuwa kwao ardhini ndiko kwenye ubaridi. Moto ukiwa chini, anachimba kuelekea jikoni. Kihisio cha kidhibiti nikakizika usawa wa kigae, nikakiweka 27. Upande wa pili wa boksi ukabaki na nyuzi 22 ili achague mwenyewe.

Siku ya 49 alimkamata nyenje kabla sijaondoa mkono kwenye kifuniko.

Stima ikipotea, na hupotea hasa mvua ikinyesha, jaza chupa ya soda maji ya moto ya kuvumilika mkononi, izungushie soksi, iegemeze upande ule ule wa mkeka, funika boksi lote kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa. Inafika asubuhi. Taa ya vifaranga sikushauri: inakausha udongo kwa siku mbili, na mwanga wake unamfungia shimoni.

Friji

Desemba 2024 maabara ilipakwa rangi, nikamleta Deputi nyumbani Umoja. Mama watoto alitoa masharti matatu: si chini ya kitanda, si mahali mtoto anafika, si mahali mgeni anaona. Ikabaki juu ya friji. Nami nikafurahi, maana juu ya friji kuna joto la bure. Kipimajoto kilisema 26. Maji yapo, udongo una unyevu. Hakula wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nilipomwekea nyenje alirudi nyuma mkia umeinuliwa, kama mtu anayesukumwa.

Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyelitatua bila kujua. Aliacha bilauri ya maji juu ya friji kando ya boksi. Mota ya friji ilipowaka, nikaona uso wa maji umejaa viduara, vimesimama vikitetemeka, mpaka mota ikazima. Dakika chache, ikawaka tena.

Nge hana masikio ya kusikia kama yako, na macho yake ni dhaifu. Anasikia kwa miguu. Kwenye nyayo kuna vipasuo vidogo vinavyohisi mtetemo wa ardhi, na kwenye magando kuna vinywele vinavyohisi hewa ikisogea. Nge mmoja wa jangwani Marekani alipimwa akamhisi mende anayechimba mchangani umbali wa nusu mita. Sasa mweke mnyama wa namna hiyo juu ya mota. Ni kama kukuomba ule chakula cha jioni ndani ya kinu cha posho. Tena nyenje akitembea hasikiki, maana sakafu yote inatembea.

Nilimhamishia juu ya kabati la nguo, chini yake gazeti lililokunjwa mara nne na kipande cha sponji ya godoro. Alikula usiku wa sita. Kama unakaa ploti ambayo jirani ana woofa, ukuta mnaochangia si mahali pa boksi. Fanya jaribio la bilauri. Haligharimu kitu.

Chakula chenyewe

Nyenje ndio chakula changu cha kila siku. Siku hizi hawasumbui kupata kwa sababu wafugaji wa kuku wanawazalisha. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Kasarani, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefundisha watu wengi kwamba mdudu ni mifugo. Nawaweka kwenye ndoo yenye trei za mayai, nawalisha sukumawiki na pumba. Nyenje mwenye njaa ni chakula kitupu, tena humrukia nge akamtafuna.

Ukubwa: asizidi kiwiliwili cha nge bila mkia. Deputi humkimbia panzi mkubwa, na simlaumu. Mabuu ya nzi wanaolishwa kuku pia yanafaa, ila huzama kwenye udongo kabla hajayagundua, kwa hiyo yaweke kwenye kisahani. Kumbikumbi mvua zikianza ni sherehe, lakini wakusanye kwenye taa ya nyumbani kwako, si kando ya shamba linalopulizwa dawa.

Dawa ndiyo iliyoniumiza. Aprili 2024 nilikuwa na watoto watatu wa Deputi (nitafika huko). Nyenje waliisha, nikaokota mende wawili stoo ya jikoni. Sikuuliza. Wiki moja kabla, stoo ilikuwa imepulizwa dawa ya mende. Mtoto mmoja alimshika mende, akamla nusu, akamwachia. Kesho yake hakutaka kitu. Kesho kutwa miguu ilitetemeka, akawa anatembea kinyumenyume akijigonga ukutani. Siku ya nne amekufa, mkia umenyooka. Tangu siku hiyo hakuna mende wa jikoni anayepita mkononi mwangu, hata aonekane na afya ya mwanajeshi.

Kiu kabla ya njaa

Nge akikaukiwa hali, kwa sababu ile supu ya kumeng'enya inatoka kwenye maji yake mwenyewe. Weka kifuniko cha chupa cha maji, kifupi asizame, siku zote. Usiku mmoja mtazame akinywa: huinamisha kichwa, vile vikoleo vya mdomo vikicheza taratibu ndani ya maji, akabaki hapo dakika nyingi kama ng'ombe kisimani. Mara nyingi akinywa leo, kesho anakula. Udongo wangu ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, yamechanganywa na udongo mwekundu wa hapa hapa. Ukifinya uvunjike bila kudondosha maji. Ukinuka uvundo umezidisha. Aina za nyika kavu hutaka pakavu zaidi, wape tu kona moja yenye unyevu.

Anayejivua gamba, na mwenye mimba

Nge mchanga huacha kula kabla ya kujivua gamba. Ananenepa, rangi inafifia, anazubaa shimoni siku kadhaa hata wiki. Hapo ondoa kila chenye uhai ndani ya boksi. Akitoka kwenye gamba la zamani huwa mweupe na laini kama mkate uliolowa, na nyenje mmoja anatosha kumuua. Subiri karibu wiki, mpaka amekuwa mgumu na mweusi.

Njia nzuri ya kukagua: ile tochi ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia. Zima taa, mmulike, na nge atang'aa kijani cha samawati kama alama ya barabarani. Aliyetoka kujivua hang'ai sawasawa mpaka gamba likomae. Ila usimmulike kwa starehe. Mwanga huo haupendi, na kuna juma nililogundua kidato cha pili kizima kimepita maabara kumtazama Deputi akiwaka. Mwanga wa aina yoyote unaokaa juu yake ni sababu tosha ya kutotoka.

Mkomavu hajivui tena. Kwa hiyo Deputi alipogoma mwishoni mwa Septemba 2023, joto sawa, maji sawa, utepe wa ubavuni mpana kuliko siku zote, nilikuna kichwa. Ananenepaje asiyekula? Mitihani ya vitendo ya KCSE, ile ya kumaliza kidato cha nne, ilipokaribia tukamtoa maabara tukamweka stoo ya vifaa, gizani, hakuna mtu. Novemba asubuhi moja nikafunua kifuniko. Mgongoni kulikuwa na kitu cheupe kama wali uliomwagika. Wali ukasogea.

Walikuwa kumi na saba. Nge hatagi, anazaa, na mimba ya nge wakubwa hufika miezi tisa au zaidi. Alikuja nayo kutoka Kibwezi. Watoto hukaa mgongoni mpaka wajivue gamba la kwanza ndipo washuke. Wakati huo usimguse, usimhamishe, usibadilishe udongo. Mama akishtuliwa anaweza kuwala. Nilimwekea nyenje aliyekwisha kufa, kichwa kimepondwa, mlangoni pa kigae, nikafunga. Usiku wa tatu nyenje hakuwapo.

Usiku wa kujaribu tena

Ukisharekebisha boksi, mwache siku nne bila kumgusa. Ngumu kuliko yote ni hiyo.

Kisha saa tatu usiku zima taa, subiri nusu saa. Chukua nyenje mmoja kwa kibano kirefu (kibano, si vidole; na kama nge wako ana magando membamba na mkia mnene, jua huyo ni wa jamii yenye sumu kali, wala sio wa kuchezewa, na akikuchoma ni hospitali moja kwa moja). Mng'oe miguu ya nyuma asiruke. Mweke hatua mbili za nge kutoka mlangoni, asimwangukie kichwani. Funga, ondoka. Usimulike. Asubuhi, kama nyenje yu hai, mtoe. Kama amekufa bila kuliwa, mtoe pia kabla ukungu haujaanza. Andika. Rudia baada ya siku tano, si kesho.

Usimfungue mdomo kwa nguvu. Nimesikia wanaojaribu, na sijui wanategemea kuona nini. Mdomo wenyewe ni mdogo kuliko punje ya mtama.

Cha kukutia wasiwasi ni hiki: uzito unashuka mwezi hadi mwezi, mwili umekunjamana hata baada ya maji, miguu inatetemeka, amelala wazi mchana mkia umenyooka, kuna doa jeusi lenye unyevu, au vidoadoa vinavyotembea kwenye viungo na mdomoni. Hivyo vidoadoa ni utitiri. Mhamishie boksi safi lenye karatasi kavu na maji tu, tupa udongo wote wa zamani. Kwa mengine dawa ni chache mno. Daktari wa mifugo niliyempigia simu aliuliza kama ninamtania.

Julai imerudi. Leo Deputi ana siku 16 bila kula, gramu 22, utepe mpana, nyuzi 26 chini ya kigae alfajiri. Jana stima ilipotea saa sita usiku, nikaamka kuchemsha maji ya chupa. Nyenje wanaimba kwenye ndoo. Nitamjaribu Ijumaa.